Mke Si Dawa ya Shabu

Nyumba ya Bi Khole iko Wattaya, hapa Muscat, nyuma ya maduka ya magari. Ukuta wake na ukuta wangu ni mmoja. Akikaanga samaki yeye, nguo zangu ndizo zinazonuka.

Ndani ya nyumba hiyo wanakaa watu wanne. Yuko Bi Khole mwenyewe. Yuko mumewe, Bwana Shihab, aliyestaafu kazi ya wizara lakini bado anatembea kama anayekwenda mkutanoni. Yuko mtoto wao wa pekee, Marwan, kijana wa miaka ishirini na sita. Na yuko Nyamizi, dada wa kazi, mwenyeji wa Tabora.

Marwan alikuwa anauza magari. Alikuwa mnene kidogo, na mwingi wa kucheka. Jioni akirudi kazini ananipigia kelele kutoka mlangoni kwao.

"Masalkheri, Bi Mahfoudha! Hujaolewa tu?"

"Nakungoja wewe uote ndevu!"

Basi tunacheka. Yeye anaingia ndani, mimi narudi kwenye vitumbua vyangu.

Kisha salamu zikakatika. Marwan akaanza kukonda. Macho yakaingia ndani. Midomo ikapasuka. Usiku halali, na kesho yake halali. Halafu siku nyingine analala kutwa, huwezi kumwamsha. Akajikuna mikono mpaka ikatoka vidonda. Kazini wakamwambia asirudi.

Nikamuuliza Bi Khole, "Mwanao ana nini?"

"Jicho," akanijibu. "Watu wamemtia jicho."

Baada ya siku chache nikamuuliza tena.

"Kazi, Bi Mahfoudha. Kazi imemchosha."

"Kazi gani? Si wamemwachisha?"

"Basi kachoka kukaa."

Ebo! Mtu mmoja anachoka kufanya kazi, na anachoka kutofanya!

Asubuhi moja Nyamizi alikuja kwangu mbio. Kanga kaishika mkononi.

"Bibi, njoo jamani. Mimi huko juu siendi peke yangu. Kaka anaongea na ukuta, halafu anaitikia kama vile ukuta umemjibu."

Nikapanda. Marwan alikuwa kachuchumaa chumbani kwake. Kakifungua kiyoyozi chote. Vipande vimetandazwa sakafuni kama samaki wa mnada.

"Shh, Bibi," akaninong'oneza. "Humu mna kamera. Wananisikiliza."

Wallahi, nilitamani kulia. Nyumba nzima ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimsikiliza.

Bi Khole alisimama mlangoni. Nyamizi akasema, "Mama, mwambie Bibi kile nilichokikuta kwenye foronya."

"Nyamaza wewe!" Bi Khole akamkemea.

"Kumetiwa nini kwenye foronya?" nikauliza.

Bi Khole akaketi kitandani. Akasema kwa sauti ndogo, "Kibomba cha kioo. Kimeungua kwa moshi. Nimekifunga gazetini, nikakitupa."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Shabu?"

Akaitikia kwa kichwa.

Shabu ni dawa ya kulevya. Inang'aa kama vipande vya chumvi ya mawe, ndiyo maana wengine huiita kristali. Mtu anaivuta, anajiona ana nguvu za watu kumi. Hali, halali, haachi kusema. Nguvu zile si zake. Kazikopa mwilini mwake mwenyewe. Zikiisha, anaanguka. Anakuwa na hasira, khofu na huzuni. Anasikia sauti ambazo hazipo. Basi anaitafuta tena ili ainuke. Ndivyo inavyomshika.

"Mmefanya nini mpaka leo?" nikamuuliza.

Walikuwa wamefanya jambo moja tu. Walimpeleka kwa shekhe mmoja mzee. Yule mzee alimsomea, akamwombea dua. Kisha akawaambia wazi, "Dua tutaendelea nayo. Lakini huyu mpelekeni hospitali." Walisikia nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili walimwachia shekhe.

Siku ile ile ya kiyoyozi Bwana Shihab akanunua kufuli. Akamfungia Marwan chumbani. Marwan akalala. Akaamka, akala sufuria ya wali peke yake, akalala tena. Walipomfungulia alikuwa mpole. Anasema pole pole, na macho yake yako chini.

Bi Khole akaja kwangu anacheka. "Kapona, Bi Mahfoudha! Kapona!"

"Kapona, au kachoka?"

"Kapona. Na sasa tunamuoza. Akipata mke atatulia."

Kikombe cha kahawa nusura kiniponyoke. "Mnamuoza nani?"

"Ghadeer, mtoto wa Bi Afra wa Hamriya. Yule anayesomesha watoto wadogo. Posa imeshakwenda."

Namjua Ghadeer. Msichana mpole, anaimba na watoto mpaka sauti inamkauka.

"Bi Khole," nikamwambia, "mtoto wa watu ni dawa? Basi nendeni mkamnunue duka la dawa. Mwambieni muuzaji: tupe msichana mmoja, kutwa mara tatu, baada ya kula!"

"Wewe kila kitu mzaha."

"Huu si mzaha. Mzaha ni huo wenu."

Akanisogelea, akanishika mkono. Hapo ndipo nilipojua kilichomleta.

Kwetu sisi, watu tuliotoka Unguja tukahamia Muscat, binti hatolewi vivi hivi. Posa ikija, watu wa binti wanauliza kwanza. Wanauliza: kijana anaswali? Ana tabia gani? Anakwenda na nani? Na hawaulizi nyumbani kwa kijana, maana huko kila mtoto ni malaika. Wanauliza kwa jirani. Jirani mwenyewe ni mimi.

"Alhamisi Bi Afra atakuja kwako," Bi Khole akasema. "Mwambie kijana mzuri. Mwambie hana neno. Wewe watu wanakuamini."

"Ndiyo maana hutaki niseme kweli?"

Bwana Shihab alikuwa upande wa pili wa ukuta. Kumbe anasikiliza. Akapaza sauti, "Bi Mahfoudha, hii ni sitara! Kumsitiri mtu ni jambo jema!"

"Kumsitiri Marwan, sawa," nikamjibu. "Na Ghadeer nani anamsitiri?"

"Sikilizeni nyote wawili," nikasema. "Mimi ugonjwa wa mtu siutembezi mitaani. Lakini na uongo siusemi. Mtoto wa watu simtii motoni ili nyinyi mpate kupumua. Aidha rudisheni posa, au waambieni wenyewe. Mpaka Alhamisi."

Siku ile ile nikapanda kwa Marwan. Alikuwa kaketi anatazama mikono yake.

"Marwan, unataka kuoa?"

"Sijui, Bibi. Sijaulizwa."

Mnaona? Imeulizwa Hamriya nzima, ila bwana harusi!

"Haya, mimi nakuuliza. Ilianzaje?"

"Rafiki yangu. Mwisho wa mwezi kazini tulikuwa hatulali, tunatafuta wanunuzi. Akanambia vuta kidogo, utakesha bila ya kuchoka. Nikasema mara moja tu."

"Na kuacha?"

"Nimejaribu, Bibi. Nikiiacha, dunia yote inakuwa nyeusi. Naona bora nisiwepo." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Na nikisema, nitatiwa jela."

Sikumcheka na sikumfokea. Nikamwambia, "Ahsante kwa kunambia. Leo hulali peke yako. Mamako atalala humu. Na kesho namwita Kheiria."

Kheiria ni mtoto wa kaka yangu. Ni nesi, na kazi yake ni ya wagonjwa kama hawa. Alikuja siku ya pili yake alasiri. Kwanza alizungumza na Marwan peke yao. Kisha tukakaa sote sebuleni kwa Bi Khole, na Marwan yumo.

"Marwan kaniruhusu niseme," Kheiria akaanza. "Huu ni ugonjwa. Shabu imeugeuza ubongo wake. Kumfokea hakumtibu. Kumfungia kufuli hakumtibu, tena ni hatari."

"Hatari gani?" Bwana Shihab akauliza. "Alilala, akala, akatulia."

"Ammi, hiyo ni dawa kutoka mwilini. Kila anayeiacha hulala sana na kula sana mwanzoni. Kisha huja huzuni kubwa. Wengine hutaka kujiua. Na wewe umemfungia peke yake, mlango una kufuli. Angeanguka, ungejuaje?"

"Mtu wa shabu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo," Kheiria akaendelea. "Akiumwa na kifua, akipanda joto kali, akitetemeka mwili mzima, au akiwa mkali wa kutaka kudhuru, pigeni simu ya dharura, tisa tisa tisa tisa. Msingoje asubuhi."

Bi Khole akauliza, "Huko hospitali wana vidonge?"

"Vidonge vya usingizi au vya huzuni, daktari akiona haja. Vya zile sauti anazozisikia pia. Lakini kidonge kimoja cha kuiondoa shabu bado hakipo. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, tena na tena, kwa miezi. Anajifunza nini kinachomvuta, na afanye nini kikimvuta. Na nyinyi pia mtajifunza."

"Sisi?" Bwana Shihab akashangaa. "Sisi tunavuta nini?"

"Nyinyi mnavuta pazia," nikamwambia.

Kheiria akanikazia macho. "Shangazi, tafadhali."

Nikanyamaza. Mara moja moja mimi hujua kunyamaza.

"Na polisi?" Marwan akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema.

"Sheria ya hapa haimshitaki kwa kutumia mtu anayekwenda mwenyewe kutaka tiba. Wala anayepelekwa na jamaa zake wa karibu. Ukikamatwa kwanza ndipo uanze kusema unataka tiba, hayo ni mengine. Ndiyo maana nakwambia nenda sasa. Na hospitali wanatunza siri ya mgonjwa."

Marwan akamtazama babake. Sote tukamtazama.

Bwana Shihab akasimama. "Mtoto wa Shihab, kwenye hospitali ya walevi? Jina letu litakwenda wapi? Alhamisi watu wanakuja, posa itakubaliwa, mambo yatatengemaa."

Akatoka. Nilipandwa na hasira mpaka kilemba kikanilegea. Mtoto anasema hataki kuishi, baba anatunza jina! Utadhani jina ndilo alilolizaa, na Marwan kaletewa zawadi.

Siku zilizobaki Bi Khole alilala chumbani kwa mwanawe. Nyamizi alikuwa akiwapelekea chai, na sasa anapanda bila ya khofu, maana juu kuna mtu.

Alhamisi ikafika. Baada ya alasiri Bi Afra akabisha hodi kwangu. Kavaa abaya mpya, na macho yanatembea kila pembe. Nikamkaribisha. Nikamwekea tende, nikammiminia kahawa. Tukaulizana hali mpaka maneno ya hali yakaisha.

"Bi Mahfoudha," akasema, "unajua nilichokuja."

"Najua."

"Huyu kijana wa jirani yako. Nna binti mmoja tu. Niambie, ana tabia gani?"

Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimelipanga jibu langu tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia: mimi posa hii siisemei kheri, waulizeni wenyewe wakwambieni sababu. Kabla sijafungua mdomo, mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Aliingia Bi Khole. Ada inamkataza. Mama wa kijana hatakiwi kuwepo pale hata kivuli chake. Alikuwa hana viatu.

"Usimuulize Bi Mahfoudha," akasema. "Niulize mimi."

Bi Afra akaweka kikombe chini.

"Mwanangu ni mgonjwa," Bi Khole akasema. "Anavuta shabu. Kanambia nikwambie. Ni mtoto mzuri, lakini ni mgonjwa, na hajatibiwa. Nilitaka kumpa mwanao kazi ya kunitibia wangu. Nisamehe. Usimtoe Ghadeer."

Machozi yakawa yanamtiririka, hakuyafuta.

Nilingoja matusi. Bi Afra akainuka, akamshika Bi Khole mabega mawili.

"Ungenificha, nisingekusamehe," akasema. "Umenambia. Mungu akuponyeshee mwanao. Kwangu halitoki neno hili."

Akafunga abaya yake, akaondoka.

Tukarudi nyumbani kwa Bi Khole pamoja. Kwenye ngazi alikuwa kaketi Marwan, na begi dogo miguuni. Mara Bwana Shihab akaingia mlango wa mbele. Katoka sokoni Matrah, kabeba mabakuli ya halwa hadi kidevuni. Halwa ya kuitikiwa posa!

"Wamesemaje?" akauliza. Uso wote unacheka.

"Nimewaambia kweli," Bi Khole akajibu. "Hakuna posa. Sasa na mimi utanifungia kufuli?"

Bakuli la juu likateleza, nikalidaka mimi. Halwa ni halwa.

"Khole! Umefanya nini?"

Marwan akasimama. "Baba, ni mimi niliyemtuma mama. Nipeleke hospitali. Usiponipeleka, nitakwenda na teksi. Lakini nataka unipeleke wewe."

Bwana Shihab akamtazama mwanawe. Nadhani ni mara ya kwanza kumtazama tangu kijana aanze kukonda. Akaona shingo ilivyobaki mifupa. Akaona vidonda. Akaweka halwa sakafuni, pale pale mlangoni. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari.

"Twende, baba," akasema.

Nikampigia simu Kheiria, akatungoja mlangoni pa hospitali.

Walimpokea bila ya kelele. Daktari alimpima moyo, damu na mkojo. Akamuuliza maswali mengi, na hakumwita jina baya hata moja. Wakamlaza. Siku za kwanza alilala, akala, akalia. Watu walimwangalia saa zote kwa sababu ya ile huzuni. Zile sauti zikapungua, kisha zikamwacha.

Alipotoka, tiba ndiyo kwanza ikaanza. Kila wiki alikuwa anarudi kuzungumza na mtaalamu. Alijifunza kuwa mwisho wa mwezi humvuta, na kutolala humvuta, na sauti ya rafiki yule humvuta kuliko vyote. Basi akabadilisha nambari ya simu. Akaingia kwenye kikundi cha watu walioacha. Huko anasema mambo ambayo hata mimi sijayasikia, na mimi masikio yangu ni marefu.

Bi Khole naye alijifunza. Kuacha kumpa pesa mkononi bila ya kujua za nini. Kuacha kumfichia makosa. Kumsifu kila siku anayoivuka salama. Bwana Shihab somo lake lilikuwa moja, na lilimshinda kuliko wote: kuuliza, kisha kunyamaza asikilize jibu.

Msidhani mambo yalinyooka. Baada ya Ramadhani Marwan alikutana na yule rafiki, akavuta tena. Bwana Shihab akaja kwangu amevimba kwa hasira.

"Umeona? Kazi bure! Hospitali yenu haifai!"

Kheiria alikuwepo. "Ammi, wewe una sukari. Ukila halwa ikakupanda, unaacha kwenda kwa daktari?"

"La. Ndipo ninapokwenda."

"Basi?"

Akakuna ndevu. Jioni ile ile akampeleka Marwan kliniki. Marwan alisema mwenyewe kuwa kavuta tena, hakufichwa wala hakufukuzwa, na akaendelea na tiba.

Sasa Marwan amepata kazi katika duka la vipuri vya magari. Ni kazi ya mchana tu. Za kukesha anazikataa. Mwili umemrudi. Anapolala, analala kama watu. Ghadeer ameolewa kwingine, na Marwan aliposikia alisema, "Mungu awape kheri." Habari ya kuoa kwake hakuna anayeigusa. Siku akitaka, atasema yeye.

Juzi palikuwa na khitma hapa mtaani. Wanaume walikuwa wamekaa majilisini, kwenye chumba cha wageni, na Bwana Shihab kafika watu wameshakula. Haya kanihadithia mwenyewe.

Mtu mmoja akamuuliza, "Bwana Shihab, ulikuwa wapi?"

Zamani angedanganya, aseme alikwenda Salalah, mji wa mbali kusini. Mwaka mzima alikuwa anakwenda Salalah yule! Safari hii akajibu, "Nilikuwa hospitali na mwanangu. Alishikwa na shabu. Anatibiwa, na leo ilikuwa siku yetu ya kukaa na mtaalamu."

Watu wakatazama vikombe vyao. Bwana Shihab akanywa kahawa yake, akaaga, akatoka.

Alipofika kwenye gari akasikia viatu nyuma yake. Alikuwa Bwana Yaqdhan, mtu mkubwa, ambaye wanawe wote, kwa maneno yake, ni malaika. Alimsogelea karibu sana. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hiyo hospitali," akauliza, "mtu anaingilia mlango gani?"

Bwana Shihab akamfungulia mlango wa gari.

"Panda," akamwambia. "Tumchukue kijana wako, nikuoneshe."